Pungufu ya Kumi na Nne

Baba amenikataza kuigusa kabla ya saa mbili kutimia.
"Iache ipate joto," anasema kutoka kitini,
blanketi magotini, mikono ikicheza yenyewe.
Ni Januari hapa Blansko. Theluji imeziba kidirisha cha karakana,
mwanga unaopenya una rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.
Kipimajoto ukutani: nyuzi ishirini na moja.
"Bado mbili," anasema.
Natia gogo jingine motoni.

Mita ni sanduku la bati la kijivu,
zito kama mtoto anayejifanya amelala.
Kiwanda kilipoitupa, baba aliileta nyumbani
kwa kigari changu cha kusukumwa;
mimi nikatembea.
Nilikuwa na miaka mitatu, na hadi leo
sijamsamehe mmoja wao, sikumbuki yupi.

Kando yake, betri ya kioo yenye zebaki miguuni,
haitaki kuinamishwa, haitaki kuombwa umeme.
Kama shangazi Hedvika: unamsalimu, humkopi.
Tumeistaafisha.
Sasa tuna kigezo kipya kutoka Brno,
kidogo kuliko kipande cha sabuni,
na cheti chenye muhuri:
volti kumi na chembe moja,
chembe maana yake sehemu ya elfu kumi,
kwa nyuzi ishirini na tatu.

Mpimaji naye hupimwa.
Cha Brno kilipimwa kwa cha Praha,
cha Praha kwa kingine, mbali zaidi,
na huko mwisho wa mnyororo, nawaza,
yupo mtu mwenye mafua
aliyesema, "Basi, na iwe hii,"
akaenda kula.

Saa mbili. Nyuzi ishirini na tatu.
Naunga waya mwekundu, naunga mweusi,
naondoa vidole, maana joto la mkono nalo husema uongo.
Tarakimu zinawaka ndani ya vichupa vyake,
nyekundu kama kaa, moja nyuma ya nyingine,
zinayumba, zinatulia.
Macho ya baba hayazifikii tena. Namsomea:
tisa, mkato, tisa, tisa, nane, saba.

"Pungufu ya kumi na nne," anasema
kabla sijamaliza kutoa.

Bisibisi iko mkononi mwangu.
Tundu la skrubu liko pale, ubavuni,
robo ya robo ya mzunguko na mita itasema kweli.
Mimi ni mtu wa duka la dawa: kinachopungua nakijaza.
"Usiiguse," anasema.
"Ukiizungusha leo, kesho hutajua
imetoka wapi. Andika."

Nafungua daftari.
Kila Januari, mstari mmoja, penseli:
pungufu ya sita. Pungufu ya sita. Ya saba.
Miaka inashuka polepole kama nta.
Hakuna mahali aliposahihisha.
Kosa lake analijua kama anavyojua ngazi ya tatu,
ile inayolia, anayoiruka gizani.

Kisha mwaka wa tisini na nne,
aliolala hospitali kuanzia Krismasi hadi Machi,
mwandiko si wake.
Wino wa kijani. Herufi zilizolala kulia.
Mama, aliyeiita mita hii "mke mkubwa,"
aliyetishia kuifanya kizimba cha sungura.

Pungufu ya kumi.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
*Nimesubiri saa mbili zote. Nimemaliza soksi moja.*

"Mwaka ule umeandikwaje?" baba anauliza.
Hajawahi kuniuliza mwaka wowote.
Namsomea namba.
Namsomea na soksi.

Anapapasa blanketi, kama anayetafuta miwani.
"Ilikuwa ya mguu wa kushoto," anasema.

Nachonga penseli.
Tarakimu ya mwisho inayumba,
saba, nane, saba,
nasi tunaingoja.